Allidina Visram: Tajiri wa mali kauli aliyejenga vinu Ziwa Victoria

UKIPITA mitaa ya zamani ya katikati ya jiji la Mwanza, kati ya stesheni ya reli na ufukwe wa ziwa, utakuta bado zimesalia nyumba chache za mtindo wa kale. Mbele pana baraza na milango mipana ya mbao, juu paa la bati, nyuma vyumba vya familia, ua na stoo ya kuhifadhia mazao. Nyingine zimekwisha kubomolewa kupisha maghorofa.

Nyumba za aina hiyo hazikuwa makazi tu. Zilikuwa duka, ghala, ofisi na benki kwa wakati mmoja. Mkulima alileta ngozi, karanga au ufuta barazani, akapimiwa, akalipwa, na fedha ileile akaiacha hapohapo kwa kununua nguo, chumvi na jembe. Mwenye nyumba alilala chumba cha nyuma, akisikia panya wakihangaika na magunia.

Biashara ya namna hiyo haikuota yenyewe. Mtu aliyeisambaza kuliko mwingine yeyote, kutoka Bagamoyo hadi Kampala na kuzunguka ziwa hili, ni Allidina Visram, Mhindi wa jamii ya Khoja Ismailia aliyezaliwa mwaka 1851 na kufariki mwaka 1916. Wakati wake walimwita mfalme wa Uganda asiye na taji. Leo ukitaja jina lake katika soko la Kirumba au Makoroboi, wachache sana watajua unamzungumzia nani.

Kwa mkulima na mfanyabiashara mdogo, maisha ya mzee huyu yana mambo mawili ya kuangalia. La kwanza ni jinsi alivyokuza biashara kubwa namna ile mahali ambapo hapakuwa na benki. La pili ni jinsi biashara hiyo ilivyoanguka miaka michache tu baada ya yeye kuzikwa.

Mtoto wa miaka 12 Bagamoyo

Allidina alizaliwa kijiji cha Kera, jimbo la Kutch, magharibi mwa India. Kutch ni nchi kavu yenye mvua za shida, na vijana wake kwa vizazi vingi walizoea kupanda majahazi kuja pwani ya Afrika Mashariki kutafuta riziki. Yeye alifika mwaka 1863 akiwa na umri wa miaka 12, bila mtaji wowote.

Alipata kazi katika nyumba ya biashara ya familia ya Sewa Haji Paroo. Wasomaji wa Dar es Salaam watalikumbuka jina hilo kutokana na hospitali ya zamani iliyojengwa kwa fedha za Sewa Haji, na hadi Muhimbili jina lake limehifadhiwa katika wodi. Bagamoyo alitoa jengo liwe shule, kwa sharti kwamba watoto wa rangi zote wapokewe. Hilo lilikuwa jambo la ajabu katika miaka ya 1890 chini ya Wajerumani.

Lakini utajiri wa Sewa Haji ulitokana na misafara. Aliwapatia wapelelezi, wamisionari na wafanyabiashara kila walichohitaji kwenda bara: wapagazi, nguo za merikani na kaniki, shanga, nyaya za shaba, chumvi na chakula. Allidina alijifunza kazi hiyo kuanzia chini, kwa kuhesabu na kufunga mizigo.

Tupige hesabu kidogo ili tuelewe biashara ya msafara ilivyokuwa. Mpagazi mmoja alibeba takriban kilo 30. Wapagazi 100 walibeba tani 3, mzigo ambao leo Fuso moja inaubeba bila hata kujaa. Kutoka Bagamoyo hadi ufukwe wa kusini wa ziwa ilikuwa safari ya miezi mitatu hivi kwa miguu, na kila siku watu 100 wale wale, na njiani walipe hongo kwa watemi.

Kwa gharama hiyo hakuna zao la shamba ambalo lingeweza kulipa. Gunia la karanga lingeliwa na mbebaji wake kabla ya kufika pwani. Kitu pekee kilichovumilia safari ni kile chenye thamani kubwa kwa uzito mdogo, na hicho kilikuwa pembe za ndovu. Ndiyo maana katika enzi zote za misafara Msukuma wa Magu au Mkerewe wa Ukerewe alilima kwa ajili ya chakula na kubadilishana na jirani. Uvivu haukuhusika. Soko la mbali halikuwepo.

Mwaka 1877 Allidina alianza biashara yake mwenyewe. Alifungua matawi Dar es Salaam na Saadani, kisha akafuata njia ya msafara hadi Tabora na Ujiji, na mawakala wake wakavuka hadi Kongo. Walipeleka nguo na chumvi, wakarudi na pembe na nta. Sewa Haji alipofariki mwaka 1897, Allidina ndiye aliyekuwa na uzoefu na mtandao wa kuziba pengo lile. Wakati huo alikuwa na miaka 46, umri ambao wengi wangetulia Bagamoyo wakala faida.

Reli ilipofika ziwani

Mwaka uliotangulia, 1896, Waingereza walikuwa wameanza kujenga reli kutoka Mombasa kuelekea Ziwa Victoria. Wafanyakazi wapatao 32,000 waliletwa kutoka India kwa mkataba. Wengi walirudi kwao kazi ilipokwisha, na takriban 6,700 walibaki.

Allidina aliiona reli kabla haijafika. Mwaka 1898 tayari alikuwa na duka Kampala, wakati bidhaa zikibebwa bado kichwani. Njiani alifungua maduka kufuata kambi za wajenzi, akiwauzia unga, mchele, dengu na samli, na kushughulikia malipo ya mishahara yao. Reli ilipofika Kisumu mwezi Desemba 1901, maduka yake yalikuwa yakiisubiri. Kufikia mwaka 1904 alikuwa na mawakala zaidi ya 30 Afrika Mashariki.

Hapa ndipo hesabu ya msafara ilipogeuka. Kutoka Kisumu hadi Mombasa ni kilomita takriban 940. Safari iliyochukua miezi ikawa ya siku chache, na nauli ya tani moja ikashuka kiasi kwamba ngozi, karanga, ufuta na mchele vikaweza kulipa gharama ya kufika baharini. Kwa mara ya kwanza mkulima wa kandokando ya ziwa alikuwa na soko la mbali.

Na soko hilo halikusimama Kisumu. Meli ndogo za moshi, William Mackinnon ikitangulia na baadaye Winifred na Sybil, zilianza kuzunguka ziwa. Mwanza, ambayo Wajerumani walikuwa wamejenga boma juu ya mlima na kuifanya kituo cha kijeshi, ikageuka mji wa biashara. Ngozi za ng'ombe wa Usukuma na karanga za Mwanza zilipanda meli kwenda Kisumu, zikaendelea kwa reli ya Waingereza hadi Mombasa.

Wajerumani hawakupenda. Koloni lao lilikuwa linalisha reli ya jirani, na hiyo ni mojawapo ya sababu zilizowasukuma kujenga Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam, iliyofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Mwanza haikupata reli yake hadi mwaka 1928, wakati wa Waingereza. Kwa zaidi ya robo karne, basi, bandari ya Mwanza ilikuwa Mombasa kwa kupitia Kisumu.

Allidina hakutegemea meli za serikali peke yake. Alikuwa na vyombo vyake ziwani, vya matanga na vya moshi, pamoja na mikokoteni ya kubeba mizigo nchi kavu. Mawakala wake walikuwa pande zote mbili za mpaka. Kwa mfanyabiashara wa Mwanza au Bukoba aliyekaa chini ya bendera ya Mjerumani, mtu wa kumpatia nguo za kuuza na kumnunulia ngozi zake mara nyingi alikuwa wakala wa Allidina.

Mali kauli

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe. Alipata wapi mtaji wa kujaza bidhaa kwenye maduka yote hayo?

Benki haikuwepo. National Bank of India ilifungua tawi Entebbe mwaka 1906, na kabla ya hapo hata maofisa wa serikali walipotaka kupeleka fedha pwani au kuzipokea, walipitia nyumba ya Allidina. Mtu alilipa fedha Mombasa, akapewa hati, akaenda kuchukua fedha yake Kampala. Fedha haikutembea. Ilitembea karatasi, na nyuma ya karatasi lilikuwepo jina.

Maduka nayo yaliendeshwa kwa kile ambacho wafanyabiashara wetu mpaka leo wanakiita mali kauli. Kijana aliyeshuka kutoka India hakuwa na kitu. Allidina alimpa bidhaa, akampa mahali pa kwenda, mara nyingine akamtanguliza na familia nyingine aliyoijua, na kumwambia alete hesabu baada ya mauzo. Hakukuwa na hati ya nyumba wala shamba la kuweka rehani. Dhamana ilikuwa jamaa zake, jamaa za jamaa zake, na ukweli kwamba ukimdhulumu Allidina hakuna muuzaji mwingine Kisumu wala Mombasa atakayekupa hata robota moja la nguo.

Tuseme kijana alichukua nguo na chumvi za rupia 1,000. Hakuziuza kwa fedha taslimu zote, kwa sababu wakulima hawakuwa na fedha kabla ya mavuno. Aliziuza nusu kwa kubadilishana na ngozi na karanga, nusu kwa daftari. Kisha akapeleka ngozi na karanga zile kwa wakala wa Allidina, ambaye alizipima, akakata deni, na kumpa bidhaa nyingine. Allidina akapata faida mara mbili: kwenye nguo zilizokwenda na kwenye mazao yaliyorudi. Kijana akapata faida yake katikati. Na chombo hakikurudi kitupu, jambo ambalo kila mwenye lori anajua thamani yake.

Mfumo huo uliwaajiri Wahindi zaidi ya 500 moja kwa moja, ukiacha wale waliojitegemea lakini wakachukua bidhaa kwake. Wengi wa waliokuja kuwa matajiri wakubwa wa Kisumu, Jinja na Kampala walianza na daftari la deni.

Vinu na viwanda

Mfanyabiashara mwingine angeridhika na ngozi. Allidina aliona kwamba mazao ya ziwani yanabeba uzito usio na maana yakisafirishwa ghafi, akaanza kuyasindika. Alijenga vinu vya kukamua mafuta Kisumu na pwani, kwa ajili ya ufuta na mbata. Mombasa aliweka kiwanda cha sabuni. Kampala alikuwa na kiwanda cha soda, na huko na Entebbe karakana za samani. Alijenga pia viwanda vidogo vya kuchambua pamba Entebbe na Mombasa.

Pamba ndiyo inayotuhusu zaidi. Mbegu za pamba za kisasa zilisambazwa Uganda kuanzia miaka ya 1903 na 1904 kwa kupitia wamisionari, Uganda Company na machifu. Upande wa Mwanza Wajerumani nao walikuwa wakiisukuma katika miaka hiyohiyo. Mkulima yeyote wa pamba anajua uwiano wake: kilo 3 za pamba mbegu hutoa takriban kilo 1 ya pamba nyuzi, na zinazobaki karibu zote ni mbegu. Ukisafirisha pamba mbegu hadi Mombasa unalipia nauli ya kilo 3 ili uuze kilo 1. Ukiichambua ufukweni mwa ziwa, unapakia robota lililobanwa la nyuzi peke yake, mbegu zinabaki kwa kupanda au kukamuliwa mafuta, na mashudu kwa mifugo.

Mwanzoni uchambuaji ulifanyika pia kwa mashine ndogo za mkono zilizotapakaa vijijini. Lakini mbegu zilichanganyika, nyuzi zikawa fupi kwa ndefu, na viwanda vya nguo Uingereza vikalalamika. Mwaka 1908 serikali ya Uganda ilipitisha sheria kali: aina moja ya mbegu, na marufuku mashine za mkono. Sheria hiyo iliokoa ubora wa pamba ya Uganda. Ilifanya pia jambo jingine lisilosemwa sana. Tangu siku hiyo uchambuaji ukawa kazi ya mwenye mtaji wa kununua mitambo ya moshi na kujenga ghala. Mkulima aliyekuwa na jirani mwenye mashine ya mkono akabaki na mlango mmoja wa kuuzia.

Allidina alikuwa na mtaji. Miaka michache kabla ya Vita Kuu ya Kwanza alijenga kiwanda kikubwa zaidi Kampala, miongoni mwa vya kwanza kumilikiwa na Mhindi huko. Pia aliingia shambani mwenyewe, akimiliki mashamba kadhaa makubwa Uganda na kujaribu miwa, mpira na matunda.

Upande wa mkulima

Sifa hizi zote ni za kweli, lakini mimi ni mchumi wa kilimo na nimekulia kwa wakulima wa pamba wilayani Kwimba, kwa hiyo siwezi kuishia hapo.

Katika mnyororo ule, kila aliyekuwa juu alijua bei ya aliye chini yake. Mkulima, aliyekuwa mwisho kabisa, hakujua bei ya mtu yeyote. Hakujua karanga zinauzwaje Mombasa, hakujua nguo imenunuliwa kwa kiasi gani, na mizani ilikuwa ya mnunuzi. Akishakopa nguo kabla ya mavuno, alilazimika kupeleka mazao kwa aliyemkopesha kwa bei ya mkopeshaji. Ndugu zetu wa Kagera wanaijua habari hii kwa jina la butura, kuuza kahawa ingali maua.

Nakumbuka msimu mmoja nikiwa sekondari baba alipewa dawa na mbegu kwa mkopo na mnunuzi wa pamba. Wakati wa kuuza alikatwa chupa za dawa ambazo hakuzipokea. Alipouliza, aliambiwa karatasi ndivyo inavyosema. Karatasi hiyo alikuwa ameiweka sahihi yeye mwenyewe, kabla haijajazwa. Siku hiyo nilianza kupenda hesabu.

Sina ushahidi wa kumhukumu Allidina mwenyewe kwa mizani ya kila duka lililochukua bidhaa kwake, na wengi waliomjua walimsifu kwa uungwana. Ila mfumo ulikuwa hivyo, na uliendelea hivyo baada yake. Miaka ya 1950 wakulima wa Usukuma walichoka. Walianza kwa kuweka watu wao wa kuangalia mizani ya wanunuzi, kisha wakaunda vyama vya msingi, na mwaka 1955 likazaliwa shirikisho la vyama, Victoria Federation of Co-operative Unions, makao yake makuu Mwanza, chini ya uongozi wa Paul Bomani. Shirikisho likanunua pamba lenyewe na kumiliki viwanda vyake vya kuchambulia. Jambo la kuangalia ni kwamba hawakuishia kudai mizani ya haki. Walikwenda kushika kinu, kwa sababu waliona, kama Allidina alivyoona nusu karne kabla yao, kwamba faida inakaa pale pamba mbegu inapogeuka nyuzi.

Vita, safari ya mwisho

Kwa fedha zake Allidina hakuwa mchoyo. Alisaidia Waismailia wenzake, lakini pia alichangia ujenzi wa kanisa kuu la Namirembe, Kampala, na mfuko wa Msalaba Mwekundu. Alikuwa nguzo ya chama cha Wahindi Mombasa. Kijana mgeni aliyefika bila chakula alijua mlango wa kugonga.

Agosti 1914 vita vilizuka na ziwa likakatika vipande viwili. Meli zilizokuwa zikibeba ngozi na karanga zilifungwa mizinga. Novemba mwaka huo Sybil iligonga mwamba huko Majita, upande wa Wajerumani, na kuachwa hapo. Biashara kati ya Mwanza na Kisumu ilisimama. Kwa mtu mwenye mali na madeni pande zote mbili za mpaka, hilo lilikuwa pigo ambalo hakuna bima iliyoweza kulifidia.

Allidina, akiwa na umri wa miaka 65, hakukaa kusubiri. Alisafiri hadi Kongo kuangalia biashara zake, akapata homa, na kurudi Mombasa akiwa mgonjwa. Alifariki huko tarehe 30 Juni 1916. Wiki mbili baadaye, tarehe 14 Julai, majeshi ya Waingereza yaliingia Mwanza, na ziwa lote likawa chini ya bendera moja. Njia aliyoitumia tangu reli ifike Kisumu ilifunguka tena, yeye akiwa kaburini.

Miaka saba

Biashara iliangukia mikononi mwa mwanawe, Abdulrasul. Alirithi maduka, vinu, mashamba, vyombo na madaftari. Madaftari ndiyo yaliyokuwa mali kubwa, na ndiyo yaliyokuwa mzigo.

Mali kauli inaenda vizuri wakati mdai anajulikana na kuogopwa kwa heshima. Allidina alimjua kila wakala, baba yake na kijiji chake. Deni la mtu aliye Ujiji au Bukoba lilikuwa salama kwa sababu mdaiwa alitarajia kuhitaji bidhaa tena mwaka ujao kutoka kwa mzee yuleyule. Mzee akiondoka, mdaiwa hupiga hesabu upya. Kumfuata kijijini kwake kudai rupia 300 kunaweza kugharimu rupia 200, na mahakamani hakuna rehani ya kuonyesha.

Kisha yakaja mambo mawili ambayo Abdulrasul hakuyasababisha. Kabla ya vita rupia 15 zilikuwa sawa na pauni 1. Mwaka 1920 serikali iliweka kiwango kipya cha rupia 10 kwa pauni 1, na baadaye ikaingiza shilingi. Msomaji afikirie: robota la pamba linauzwa Uingereza kwa pauni. Lililoleta pauni 10 lilikupa rupia 150 zamani, sasa linakupa rupia 100. Lakini deni lako uliloandika kwa rupia halikupungua hata senti. Aliyekopa rupia akauza pamba aliumia theluthi nzima kwa saini ya mtu mmoja.

Kabla jasho halijakauka, bei ya pamba duniani iliporomoka katika misimu ya 1920 na 1921. Waliokuwa wamenunua pamba kwa bei ya juu walibaki na maghala yaliyojaa hasara. Wakati huohuo viwanda vya kuchambua pamba Uganda vilikuwa vinaongezeka haraka, vya Wahindi wengine na hata Wajapani, na kila mmoja akigombania pamba ileile.

Abdulrasul alifariki mwaka 1923, miaka saba tu baada ya baba yake, na kampuni haikusimama tena. Vilivyokuwa vya Allidina vilipita kwa wengine.

Wengine hao walijifunza kitu. Nanji Kalidas Mehta, aliyekuwa amepata fedha kwenye pamba, alijenga kiwanda cha sukari Lugazi mwaka 1924. Muljibhai Madhvani alifungua chake Kakira, karibu na Jinja, mwaka 1930. Wote wawili walipunguza kutawanya daftari na kukusanya fedha zao mahali pamoja: shamba la miwa, kinu katikati ya shamba, na reli ndogo ya kuleta miwa kinuni. Ukidaiwa na watu 500 walio Tabora na Kongo, mali yako iko miguuni mwao. Ukiwa na kinu kilichozungukwa na miwa yako, mali yako unaiona kutoka dirishani. Viwanda hivyo viwili vilipita katika misukosuko mingi, pamoja na kufukuzwa kwa Waasia Uganda mwaka 1972, na vikafufuliwa.

Sisemi mali kauli ni mbaya. Bila hiyo nusu ya maduka ya Mwanza, Geita na Sengerema yasingekuwa na bidhaa asubuhi hii. Kilichomwangusha Allidina, kwa maoni yangu, ni kwamba mkopo wote ulisimama juu ya jina la mtu mmoja, na hapakuwa na mshirika wa kulibeba jina hilo baada yake isipokuwa mtoto.

Kabla ya kufa, Abdulrasul alifanya jambo moja lililodumu. Mwaka 1921 alianza kujenga shule kisiwani Mombasa kwa kumbukumbu ya baba yake, na mwaka 1923, mwaka aliofariki mwenyewe, ikafunguliwa na Gavana Robert Coryndon. Vinu vya Kisumu na Entebbe vimebadilisha mikono na majina. Shule bado inaitwa Allidina Visram, na asubuhi wanafunzi wanaingia langoni.